Mbwa akila dawa ya mende, maziwa si tiba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi ndefu kidogo kuliko kawaida ya ukurasa huu, kwa sababu jambo lenyewe halielezeki kwa aya mbili. Ni kuhusu mbwa aliyekula chambo cha wadudu cha nyumbani: jeli ya mende, kisanduku cha sisimizi, punje za nzi, au ile pakiti isiyo na jina iliyonunuliwa kwa kijana anayepita mtaani na spika akinadi dawa ya mende, kunguni, viroboto na panya. Ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp ni uleule miaka nenda miaka rudi: mnyweshe maziwa, mpe mayai mabichi, mpe mafuta ya kula, mpe maji ya chumvi, mpe mkaa uliotwangwa. Sisi ni madaktari wa mifugo tunaotibu wanyama wa nyumbani, na tunasema wazi kwamba kwa vyambo vingi vya dukani, tiba hizo za jikoni zina madhara makubwa kuliko chambo chenyewe. Kwa sumu chache zilizo kali kweli, zinakula ile nusu saa ambayo mbwa angeweza kuokolewa.

Tuanze na pakiti. Mtu akipiga simu kusema mbwa kala "dawa ya mende", daktari hajaambiwa kitu bado, maana chini ya jina hilo kuna kemikali zisizo na undugu wowote. Kinachotakiwa ni mstari mmoja mdogo kwenye lebo, ule unaotaja kiuatilifu na asilimia yake: fipronili asilimia 0.05, imidaklopridi asilimia 2.15, indoksakabi asilimia 0.6, haidrametilnoni asilimia 2, abamektini, asidi ya boriki, methomili. Usijaribu kulikariri jina. Piga picha ya mstari huo, na nyingine ya lebo nzima pamoja na mkanda wa rangi ulio chini yake, kisha mtumie daktari. Mkanda mwekundu ndio mkali kuliko yote, ukifuatiwa na wa njano, wa bluu, na wa kijani mwisho. Rangi hiyo huzingatia dawa ilivyochanganywa ndani ya pakiti ile, kwa hiyo kemikali moja inaweza kuwa na mkanda wa njano kwenye chupa ya shambani na wa kijani kwenye jeli ya jikoni.

Chambo hutengenezwa ili mende ale, arudi mafichoni, na afe baadaye huko ambako wenzake watakula mzoga na kinyesi chake. Kikiwa kikali mno, mende anafia palepale na kazi inaharibika. Ndiyo maana sumu iliyomo ni kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki ni sukari, wanga, mafuta na vitu vyenye harufu ya chakula, mara nyingine hata karanga. Mbwa havutwi na sumu. Anavutwa na hivyo vingine, na ndiyo sababu anatafuna sirinji nzima kwa furaha.

Hesabu ya kujua kala kiasi gani ni nyepesi. Chukua gramu za chambo, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, zidisha tena kwa 10. Jibu ni miligramu za sumu yenyewe. Kisha gawanya kwa kilo za mbwa. Sirinji ya jeli ya gramu 30 yenye fipronili asilimia 0.05 ina miligramu 15. Mbwa wa kilo 10 akiimaliza yote amepata miligramu 1.5 kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa panya wa maabara, kipimo cha fipronili kinachoua nusu ya waliopewa ni takriban miligramu 97 kwa kilo. Mbwa si panya, na namba hiyo haitoshi kumfanya mtu arudi kulala, lakini inaonyesha umbali uliopo. Na visanduku vingi vya plastiki vya mende au sisimizi hubeba gramu 1.5 hadi 2 tu za chambo, si 30. Mbwa mkubwa aliyekula kisanduku kimoja cha fipronili kwa kawaida atatapika mara moja, pengine ataharisha kidogo, basi.

Jeli ya imidaklopridi inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa asilimia yake iko juu. Gramu 30 kwa asilimia 2.15 ni miligramu 645. Kwa mbwa yuleyule wa kilo 10 ni zaidi ya miligramu 64 kwa kilo. Hapo usishangae ukiona udenda mwingi, kutapika, kupepesuka na misuli kutetemeka. Sirinji nzima ya aina hii iliyoliwa na mbwa mdogo ni safari ya kwenda kwa daktari, hata kama mbwa bado anatikisa mkia. Abamektini nayo ina watu wake wa kuhofia. Ni ndugu wa ivermektini, na mbwa wenye kasoro ya jeni iitwayo MDR1 hawawezi kuizuia isiingie kwenye ubongo. Kasoro hiyo imejaa kwa mbwa wa ukoo wa Collie, na baadhi ya German Shepherd wanayo. German Shepherd wa kilo 30 aliyemaliza sirinji ya gramu 30 yenye abamektini asilimia 0.05 amepata nusu miligramu kwa kilo. Mwenye kasoro hiyo anaweza kupofuka kwa muda, kupepesuka kama mlevi na kulala usingizi mzito kwa siku kadhaa. Wengi wa wanaofuga German Shepherd kwa ajili ya ulinzi hawajui kama mbwa wao anayo au hana, kwa hiyo mchukulieni kuwa anayo.

Sasa punje za nzi. Hizi zinatumika sana kwenye mabanda ya kuku, mazizi na machinjio, na kutoka huko zinaingia majumbani, zikimwagwa kwenye sahani karibu na pipa la taka. Zipo za aina nyingi. Zenye imidaklopridi kwa nusu asilimia si tishio kubwa. Zenye methomili asilimia 1 ni jambo jingine kabisa. Rudi kwenye hesabu: gramu 30, yaani konzi moja ndogo, zina miligramu 300, kwa mbwa wa kilo 10 ni miligramu 30 kwa kilo. Kwa panya wa maabara, kipimo cha methomili kinachoua nusu ni takriban miligramu 20. Kwa maneno mengine, uzito uleule uliokuwa kichekesho kwenye fipronili, hapa unaua. Na punje hizo zimechanganywa na sukari. Rangi ya punje haimwambii mtu lolote. Lebo ndiyo inayosema.

Methomili iko kwenye kundi la kabamati, na jirani zake ni oganofosfeti, ambazo ni dawa nyingi za shambani na za kuogeshea mifugo. Makundi yote mawili hufunga kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva baada ya kufika kwenye misuli na tezi. Ujumbe usipozimwa, kila kitu kinabaki kimewashwa. Mate yanatiririka, machozi yanatoka, mbwa anakojoa na kuharisha bila kujizuia, anatapika, mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano, mapigo ya moyo yanapungua, misuli ya uso na mapaja inachezacheza chini ya ngozi, kisha anaingia kwenye degedege. Anakufa kwa kukosa hewa, kwa sababu mapafu yamejaa majimaji na misuli ya kupumulia imechoka. Kwa methomili dalili zinaweza kuanza ndani ya dakika 15 hadi 30. Mbwa mwenye dalili mbili au tatu kati ya hizo hahitaji simu ya ushauri; apelekwe, na simu ipigwe njiani.

Tunakuja kwenye vipakiti vya mtaani. Humo ndani kunaweza kuwa na unga wa dawa ya shambani uliogawanywa kwa kijiko kutoka kwenye mfuko mkubwa, na muuzaji mwenyewe hajui ni nini. Haina lebo, haina asilimia, haina namba ya usajili. Kwa Tanzania namba hiyo hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Kwa Kenya ni PCPB, bodi ya kudhibiti dawa za wadudu. Mbwa aliyekula kitu cha namna hii, daktari anatibu dalili anazoziona na kubahatisha kilichobaki. Kwa hiyo chukua mabaki ya pakiti hata kama haina maandishi, yafunge kwenye mifuko miwili ya nailoni, uende nayo. Harufu, rangi na umbo la punje vinaweza kumpa daktari mwanga kidogo. Usinuse wewe, na usimpe mtoto akushikie.

Kuna kingine kinachotoka dukani na kufanyiwa kazi isiyo yake: vidonge vya kuhifadhia nafaka, ambavyo watu huvitumia hata kuulia kunguni chumbani. Si chambo, lakini mbwa huviokota. Vikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, na chakula ulichompa "kupunguza makali" kinaongeza asidi na kuongeza gesi. Mbwa wa namna hiyo akitapika ndani ya chumba au ndani ya gari, watu waliomo wanavuta gesi hiyo. Fungua madirisha yote, au mshushe atapikie nje huku wewe umesimama upande upepo unakotoka. Gesi hiyo inaweza kunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, ila usisubiri kuisikia ndipo uchukue tahadhari.

Chambo cha kutengeneza nyumbani kwa asidi ya boriki kinasifiwa kuwa salama. Kwa binadamu mzima anayekigusa, ni kweli. Lakini tazama kipimo. Watu wanachanganya unga wa boriki na unga wa ngano nusu kwa nusu, wanatia sukari au maziwa, wanafinyanga vidonge kama kashata na kuviweka chini ya kabati. Kidonge cha gramu 20 kina karibu gramu 10 za asidi ya boriki. Mbwa mtoto wa kilo 5 akikila amepata gramu 2 kwa kilo. Hicho si kiasi cha mchezo: atatapika, ataharisha, na figo zake zinaweza kuumia. Ubaya mwingine ni kwamba asidi ya boriki haishikwi vizuri na mkaa wa dawa, kwa hiyo kinachomwokoa ni kutapishwa mapema na kuwekewa dripu. Chaki ya mende inayochorwa ukutani ina sumu za jamii ya pairethrini. Mbwa aliyelamba mstari atatoa mate na kujikuna ulimi, basi. Aliyekula chaki nzima anahitaji daktari. Kwa paka, sumu za jamii hiyo ni hatari mara nyingi zaidi, na permethrini ndiyo mbaya kuliko zote.

Tuseme kwa nini tunapinga dawa za jikoni, maana kukataza bila sababu hakumridhishi mtu. Chumvi kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoua. Kijiko cha chakula cha chumvi kina karibu gramu 17. Vijiko viwili kwa mbwa wa kilo 8 ni zaidi ya gramu 4 kwa kilo, kiasi kinachoweza kumuua mbwa mzima asiyekuwa na sumu yoyote. Asipotapika, chumvi inaingia kwenye damu na kuvuta maji kutoka kwenye ubongo. Anaanza kutetemeka na kupata degedege. Wenyewe wanasema "sumu imempanda", wanamwongezea chumvi. Maziwa hayaui, ila hayavunji sumu yoyote kati ya tulizozitaja. Mafuta yaliyomo huweza kusaidia sumu zinazoyeyuka kwenye mafuta, fipronili ikiwamo, kuingia mwilini haraka zaidi, na mbwa wengi wakubwa huharishwa na maziwa, hivyo daktari anashindwa kujua kuhara ni kwa sumu au kwa maziwa. Mafuta ya kula na mayai mabichi yakimiminwa kwa nguvu mdomoni mwa mbwa anayetetemeka huishia kwenye mapafu. Hapo unapata nimonia juu ya sumu, na nimonia ya mafuta ni ngumu kutibu.

Mkaa wa jikoni haufanani na mkaa wa dawa isipokuwa rangi. Mkaa wa dawa umepikwa upya kwa njia inayofungua vitundu vidogo visivyohesabika, hata gramu moja ikawa na eneo la mamia ya mita za mraba la kunasia sumu. Wa jikoni vitundu vyake ni vichache na vimejaa majivu. Daktari hutumia mkaa wa dawa gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mbwa, na hutazama kwanza kama mbwa anameza sawasawa. Na vidole kooni? Utang'atwa, na mbwa hatatapika.

Basi ufanye nini. Mtoe mbwa pale alipo, funga na wengine mbali, kwa sababu ukikuta mmoja ametafuna huwezi kujua kama alikuwa peke yake. Vaa glavu, au mifuko ya nailoni kama huna. Toa mabaki mdomoni na futa fizi na ulimi kwa kitambaa chenye maji safi, ukifuta kuelekea nje. Kama unga umemwagika kwenye manyoya, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza vizuri, mkaushe. Maji ya baridi yatamfanya atetemeke na kuwachanganya wote mnaomtazama. Mbwa aliyeanza kutetemeka tayari asicheleweshwe kwa kuogeshwa.

Hesabu kilichobaki. Kama uliweka visanduku 6 na unaviona 4, tafuta plastiki ya vile viwili: ipo sakafuni imetafunwa, au haipo? Mpime mbwa kwa kupanda naye kwenye mizani ya bafuni, kisha toa uzito wako. Mbwa mkubwa asiyebebeka, kadiria. Andika saa. Hapa ndipo wengi wanapokosea kuhusu mbwa wa ulinzi: amefunguliwa saa 4 usiku, amekutwa saa 12 asubuhi na pakiti iliyochanika, nao wanamwambia daktari "kala sasa hivi." Saa inayotakiwa ni ile ya mwisho alipoonekana mzima na pakiti ikiwa nzima. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kutapisha kuna faida au hakuna.

Kutapisha kuna maana ndani ya saa 2 za mwanzo, na kwa mbwa ambaye bado yuko macho, anasimama na anameza. Mwenye usingizi, anayetetemeka au mwenye degedege asitapishwe. Kadhalika mbwa wa pua fupi, na yule aliyekula kitu chenye mafuta ya taa au kinachounguza. Mwenye vipande vikali vya plastiki tumboni aamuliwe na daktari mwenyewe. Kliniki ina sindano ya kutapisha, na hiyo ni bora kuliko cha nyumbani. Kama kliniki iko mbali na daktari yuko hewani akakuruhusu, kinachotumika kwa mbwa, na si kwa paka, ni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3: mililita 1 kwa kila kilo, isizidi 45 hata kama mbwa ni mkubwa kama ndama. Mpe kwanza kipande kidogo cha mkate, maana tumbo tupu hutapika kwa shida (ila si yule aliyekula vidonge vya nafaka). Vuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ingiza pembeni mwa shavu, sukuma taratibu. Asipotapika kwa dakika 15, daktari anaweza kukuruhusu kurudia mara moja tu.

Maelekezo ya intaneti kuhusu peroksaidi mengi yameandikwa Marekani, ambako chupa ya kawaida ya dukani ni ya asilimia 3. Maduka ya dawa ya huku huuza pia ya asilimia 6, na saluni wanayo kali zaidi ya hiyo ya kuchanganyia rangi ya nywele. Ya asilimia 6 lazima ichanganywe na maji safi sawa kwa sawa. Ya saluni isimkaribie mbwa: inachoma koo na tumbo hadi kutoa damu. Maelekezo hayohayo humwambia msomaji apige simu kwenye kituo cha sumu za wanyama kinachofanya kazi saa 24. Huku, namba ya kupiga ni ya daktari wa mifugo uliyemtafuta mapema, pamoja na ya wa pili kwa ajili ya usiku ambao wa kwanza hapokei.

Ukipiga, ulizia jambo moja la ziada kama unashuku methomili au kipakiti cha mtaani: atropini ipo ya kutosha? Kipimo kwa sumu hizi ni hadi miligramu 0.2 kwa kilo, robo kwenye mshipa na iliyobaki kwenye msuli au chini ya ngozi. Mbwa wa kilo 25 anahitaji miligramu 5. Ampuli nyingi ni za miligramu 1, kwa hiyo ni ampuli 5 kwa mkupuo mmoja, na huenda akahitaji kurudiwa mara kadhaa. Kliniki ndogo yenye ampuli tatu kwenye friji haimwezi mbwa huyo, na ni afadhali kulijua hilo ukiwa bado nyumbani. Kwa wenzetu wa taaluma: kinachofuatwa ni mapafu kukauka na mapigo ya moyo kurudi juu, si mboni za macho. Mkiwa na shaka kama ni kundi hili, jaribuni kwanza kipimo cha kabla ya nusukaputi, miligramu 0.02 kwa kilo. Moyo ukienda mbio na mdomo ukakauka, tafuteni sumu nyingine.

Njiani, mlaze ubavu, kichwa kiwe chini kidogo kuliko mwili ili matapishi yatoke nje. Kwenye bajaji mtu mmoja akae naye nyuma. Usimfunge mdomo kwa kamba hata kama anang'ata, maana akitapika akiwa amefungwa atapaliwa. Mzungushie shuka nene shingoni badala yake. Asipewe chakula wala maji hadi daktari aseme. Matapishi yakusanye kwenye mfuko, uende nayo.

Kama daktari amesema mbwa abaki nyumbani, mtazame kwa saa 24. Akiwa amepumzika, pumzi zake ziwe kati ya 10 na 30 kwa dakika. Fizi ziwe za waridi, na ukizibonyeza kwa kidole zirudi rangi ndani ya sekunde 2. Kutapika mara moja si kitu. Mara tatu au zaidi ni kitu. Plastiki ya kisanduku ina kalenda yake yenyewe, na kwa vyambo hafifu ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mbwa aliyemeza vipande anaweza kuwa mchangamfu siku ya kwanza, kisha siku ya pili au ya tatu akakataa chakula, akatapika kila anachokunywa, akaacha kunya na kujikunja mgongo kwa maumivu. Utumbo umeziba. Hapo hakuna cha sumu tena, ni picha ya eksirei na pengine upasuaji.

Kuhusu kuweka chambo, mafundi wazuri wa jeli hawaachi kitu ambacho mbwa anaweza kukifikia. Tone moja ni kama punje ya dengu, linawekwa kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji, chini ya sinki kwenye kona ya bomba. Matone mengi madogo yanaua mende wengi kuliko rundo moja, na ukipulizia dawa ya kopo juu yake umeharibu vyote viwili, maana mende hawatakuja kula. Visanduku vibandikwe kwa gundi ndani ya kabati linalofungwa. Punje za nzi ziwekwe ndani ya kopo lenye matundu lililoning'inizwa juu ya kimo cha mbwa aliyesimama kwa miguu ya nyuma, si kwenye sahani chini, na kamwe zisichanganywe na dagaa au mabaki ya ugali. Sirinji tupu bado ina jeli puani. Izikwe au itumbukizwe kwenye choo cha shimo, isitupwe jalalani ambako mbwa wa mtaa mzima hupekua. Na dawa isihamishiwe kwenye kopo la siagi ya karanga, hata kama kopo lenyewe ni zuri kiasi gani.

Mhariri, gazeti lako likiandika habari ya mbwa waliokufa kwa sumu mtaani, tunaomba mwandishi aulize pakiti iko wapi na iliandikwa nini. Kama haikuwa na lebo, iandikwe hivyo, pamoja na mahali iliponunuliwa, ili wakaguzi wa viuatilifu wapate pa kuanzia.

Madaktari wa mifugo,
Dar es Salaam
(Majina na anwani zetu Mhariri anazo.)